Vidole Vilivyomtii Daktari

Mwaka mzima nimembeba mume wangu mgongoni kumpeleka chooni, tangu miguu yake ife ganzi. Kumbe ubaya ulikuwa kwenye mshipa mmoja wa damu wa uti wa mgongo, uliokuwa ukipeleka damu kusikotakiwa. Daktari, dada mmoja mrembo, akapitisha mrija mwembamba kutoka kinenani hadi kwenye mshipa huo, akauziba kwa gundi.

Kesho yake akasimama kando ya kitanda. "Baba, chezesha vidole vya miguu."

Vikacheza! Vidole nilivyovikanda na kuvibembeleza mwaka mzima, vikinilalia fofofo, kwake vikacheza.

Tangu hapo, daktari akikaribia kupita wodini, bwana huyu anataka kitana.

"Mama watoto, nipe na lile shati la bluu."

Nilimpa, roho ikiniuma.

Siku ya kuruhusiwa, daktari akamwambia ajaribu kutembea. Mume wangu akamwendea hatua chache, meno yote nje. Daktari akampongeza, akatoka. Mlango ulipofungwa tu, magoti yakaanza kumtetemeka.

"Mke wangu, nishike, naanguka!"

"Muite daktari wako," nikamjibu, mikono yangu ikiwa imeshamzunguka kiunoni.