Karatasi ya Kidonda cha Tilly

Wayne Escritt alimchukia Maureen Sowerby tangu siku ya kwanza, alipoingia kwake akakuta cheti kimetundikwa ukutani juu ya mabuti ya watoto. Mlezi wa watoto wa kutwa, aliyesajiliwa. Kwa Wayne, mtu aliyesajiliwa ni mtu wa serikali, na watu wa serikali ndio waliomrudisha mkewe Janine nyumbani kutoka hospitali mara tatu na vidonge vya tumbo, mpaka siku aliposhindwa kunyanyuka kitandani. Walimzika Oktoba.

Mwanzoni binti yao Tilly, wa miaka mitatu, alilelewa na Bi Dot, jirani wa nyumba ya pili. Bibi yule hakuwa na cheti, alikuwa na mikono tu. Mtu mmoja, Mungu anamjua, akapeleka maneno halmashauri kwamba kuna mwanamke analea mtoto wa watu kwa malipo, kutwa nzima, wala hayumo kwenye daftari la walezi. Barua ikaja: ukiendelea, mahakamani. Bi Dot akalia, akakunja blanketi la Tilly, akalirudisha.

Wakubwa wa halmashauri wakampa Wayne orodha ya walezi waliosajiliwa pale mjini Grimsby, wakamwambia achague. Akapiga simu zote. Mlezi mmoja haruhusiwi kupokea zaidi ya watoto watatu wadogo, na kila aliyempigia alikuwa ameshajaza watatu wake. Nafasi ilibaki kwa Maureen peke yake. Huko ndiko kuchagua kwao.

Jumanne moja ya Februari, saa moja na dakika kumi asubuhi, Maureen alimvua Tilly koti, mkono wa sweta ukapanda. Kulikuwa na mstari mwekundu, mrefu kama kidole, umepakwa dawa.

"Hii nini, Wayne?"

"Alijigonga."

"Kwenye nini?"

"Mlango. Watoto hujigonga. Au hao wa kwenye cheti chako ni wa plastiki?"

"Mlango gani huo unaochoma?"

Wayne alitazama saa. Zamu ya kiwanda cha samaki inaanza saa mbili, na msimamizi alishamwambia: ukikosa tena, usijisumbue kurudi.

Maureen akaleta karatasi yenye mchoro wa mwili wa mtoto. "Mtoto akija na alama kutoka kwao, naandika ilipo na ilivyotokea, mzazi anasaini. Nilikueleza siku ya kwanza, ukaitikia tu ndiyo, ndiyo."

"Sisaini. Mnanijengea kesi. Leo mkono, kesho goti, keshokutwa mnakuja na gari kumchukua."

"Usiposaini sina budi kuwapigia simu halmashauri. Leo hii."

"Piga basi! Si ndiyo kazi yenu? Mke wangu anakufa hamkupiga simu. Mtoto kapata kialama, simu!"

"Mimi sikuwepo hospitali, Wayne. Usinibebeshe."

"Mpe koti lake."

Tilly alikuwa ameshaanza kujenga mnara wa vibao. Alilia mpaka barabarani.

Bi Dot alifungua mlango kidogo tu, mnyororo wa usalama haukutoka. "Siwezi, mwanangu."

"Leo tu. Bure, Bi Dot, sikulipi hata peni. Hiyo hawawezi kukukataza."

"Leo wanasema hawawezi, kesho wanaleta barua. Nina miaka sabini na minne, mimi na korti wapi na wapi?" Kisha akauona mkono. "Na hapo amefanya nini?"

Kumwambia uongo Maureen kulikuwa rahisi, lakini huyu bibi alimwosha Tilly tangu ana miezi sita. Wayne akageuka na mtoto wake begani, akarudi alikotoka.

Maureen alimfungulia simu ikiwa sikioni. Ndani yake ulilia muziki wa kusubiri.

"Umeshawapigia! Hukungoja hata nusu saa!"

"Nilingoja dakika kumi. Mtoto kaungua, baba anasema mlango, anakataa kusaini, anaondoka naye. Nikae kimya? Mbona Bi Dot wako hukumwachia?"

"Mmemtia woga, ndiyo maana. Wamekuambia nini hao?"

"Bado. Nimo kwenye foleni. Wa tisa."

Wayne akacheka, kicheko kisichokuwa na raha hata chembe. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi na mbili. Akamshusha Tilly, naye akarudi mbio kwenye vibao vyake.

"Andika," alisema. "Nilitoka kazini. Nikatia vipande vya samaki ndani ya oveni, nikakaa. Nikalala. Akashika mlango wa oveni. Aliponiamsha alikuwa halii. Alikuwa ameshamaliza kulia."

Kalamu ya Maureen ilisimama kidogo, ikaendelea. "Ukafanya nini?"

"Maji ya bomba, baridi. Dakika ishirini. Nilizihesabu."

"Hilo ndilo ungeniambia kwanza, mkaidi wee."

Akamsomea yote kwa sauti, neno kwa neno, kwa kuwa alishajua kwamba Wayne na maandishi hawapatani. Kusomewa kule kulimuuma Wayne kuliko maswali. Akasaini kwa herufi kubwa.

"Sasa kata simu."

"Siikati."

"Nimesaini!"

"Umesaini, kwa hiyo nitawasomea ulichosema wewe, si nilichofikiri mimi. Ungesaini mwanzo, ingebaki karatasi kwenye jalada langu."

Wayne alimtazama kwa chuki tupu. Angeweza kumnyanyua mtoto tena. Amnyanyue ampeleke wapi? Alichuchumaa, akamvua Tilly koti mwenyewe, taratibu, asiuguse ule mstari, akalitundika.

"Wakija kumchukua, nitajua wa kumlaumu."

"Utajua. Mimi nipo hapa, siendi popote. Njoo saa kumi na moja, na umletee suruali ya kubadilisha, jana alilowa."

Alitoka akikimbia. Hajafika getini, muziki ukakatika nyuma yake, na sauti ya Maureen ikaanza kusoma: "Nilitoka kazini..."