Kabla Hajasema Baba

Shemeji yangu alifia kiwandani, ndani ya sufuria kubwa la kuchemshia sabuni. Alikuwa anapita juu yake kwenye ubao, kama kila siku, na pembeni mwa ubao hapakuwa na vyuma vya kushika. Zamani vilikuwepo. Tajiri, mwenye kiwanda, aliving'oa, na mtu asiniambie kwamba vilikuwa vimeliwa na kutu, maana nimeviona kwa macho yangu: vimepakwa rangi nyeupe, vimezungushwa kwenye roshani ya nyumba yake kule kilimani. Watu husahau upesi. Mimi sisahau.

Dada yangu aliachwa mjamzito. Alipojifungua aliniomba nimweleze tena yale majina ya Kiebrania cha kale, maana ndiyo maradhi yangu, nimejifundisha mwenyewe. Nikamwambia wale watu hawakuokota jina kwa sababu lina sauti nzuri. Jina lao mara nyingi lilikuwa sentensi nzima, kama ushahidi. Mama mmoja alijifungua siku ya msiba wa taifa lake, akamwita mwanawe Ikabodi, hakuna utukufu. Raheli alikata roho akimzaa wa mwisho, akamwita Benoni, mwana wa uchungu wangu. Baba mtu akalibadili, akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Na nabii mmoja alimpa mwanawe jina refu kuliko yote, Maheri-shalali-hashi-bazi: nyara zinaharakishwa, mateka yanakimbizwa. Alitabiri kwamba kabla mtoto huyo hajajua kuita baba na mama, utajiri wa miji miwili mikubwa ungekuwa umeshabebwa.

"Hilo hilo," dada akasema.

Kanisani mchungaji alipouliza jina, dada alilitamka lote bila kukwama, Tajiri akiwa benchi la mbele. Maji ya ubatizo yalimwagika sakafuni. Baada ya ibada Tajiri alimvuta mchungaji pembeni amfafanulie, na mchungaji, mtu asiyejua kudanganya wala kunyamaza, akamfafanulia mpaka mwisho.

Haikupita wiki, msimamizi wa kiwanda akaja. Nyumba zetu ni za kiwanda, na hakuficha kilichomleta: jina libadilishwe, la sivyo dada ahame.

"Shemeji, usijitafutie makubwa," akasema. "Jina ni jina tu. Mwite Benyamini, ukae kwako kwa raha."

"Aliyemwita Benyamini alikuwa baba wa mtoto," dada akamjibu. "Wa huyu yuko wapi, aje abadili?"

Msimamizi akatoka, na hakurudi tena kudai jina wala nyumba.

Tangu hapo mtaa mzima ukawa unauangalia mdomo wa mtoto. Akina mama waliacha kumfundisha maneno. Kinyozi wa jirani alikuwa akimbembeleza: "Mezea kwanza, mzee, wenzako bado tunakula pale kiwandani." Tulicheka, lakini kicheko hakikufika mbali, kwa kuwa hakuna aliyejua nyara ni za nani: za Tajiri, au hivi vigodoro vyetu. Kiwandani mitambo ikaanza kuondoka mmoja mmoja, ati inapelekwa kutengenezwa. Haikurudi. Nilisimama getini nikasema, nikarudia, kwamba mtu mzima anayeogopa jina la mtoto anajua alichofanya. Kuna walioniambia nipunguze moto.

Mtoto akasema mama. Dada alikimbilia kufunga dirisha, lakini habari ilikuwa imeshapanda kilimani. Tajiri, tulisikia, alicheka; neno lililobaki halitatoka, alisema, kwani marehemu haitwi.

Asubuhi moja akaja mwenyewe nyumbani kwa dada. Aliketi kwenye kiti cha shemeji, akaweka kofia mezani, akatangaza kwa upole kwamba kiwanda kinafungwa na nyumba zote zihamwe. Mtoto alikuwa sakafuni na kijiko chake cha mbao. Akatambaa, akaikamata suruali ya Tajiri, akajivuta mpaka akasimama, akamtazama usoni.

"Baba."

Hakuna aliyemfundisha. Tajiri alivibandua vile vidole kwenye nguo yake, kimoja kimoja, akatoka bila kuaga.

Nje malori yaliyobeba mitambo ya mwisho yalikuwa yananguruma. Watu walitoka majumbani wakasimama. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha, mimi niliyewaomba kelele miaka yote. Nikamuuliza dada tuelekee wapi sasa. Alimfunga mtoto mgongoni, akaichukua ile kofia.

"Kilimani. Mwenyewe kaisahau."

Tukalipita geti la kiwanda bila kugeuka, na kila mlango tuliopita ulitoa mtu. Tulipofika, Tajiri alikuwa juu kwenye roshani, amevishika vile vyuma vyeupe kwa mikono miwili.

Dada hakumtazama yeye. Alivitazama vyuma, kisha akaanza kupanda ngazi kuvifuata.