Bilauri ya Mama Cindy

Watu wa Mwakirunge wanaokaa chini ya bwawa walimcheka Agneta kwa miaka sita, na Munga, mwenyekiti wa kamati ya bwawa, alicheka kuliko wote. Kisa ni bilauri. Kila asubuhi mama huyu, mwenye mikono iliyoota sugu kwa kugonga kokoto kwenye timbo la mawe tangu usichana wake, alishuka hadi kwenye kitako cha ukuta wa udongo, pale maji yalipopenya kidogo kidogo, akakinga bilauri ikajaa. Kisha aliiweka juu ya jiwe, akaketi. Maji yakishatulia alitazama kama kuna vumbi lililozama. Hapakuwa na vumbi. Akayamwaga, akaenda zake.

Ukuta wa udongo sharti utoke jasho, ndivyo alivyozoea kusema. Jasho safi halina neno. Likitoka na udongo, jueni ukuta unaliwa kwa ndani.

Nyumba ya Munga ndiyo iliyokuwa ya kwanza chini ya ukuta huo. Humo alikaa na mkewe Caroline na watoto wao watatu, na mchicha wao ulinyweshwa na bwawa hilohilo. Hakuwa mtu mbaya. Ila alipenda methali, na mtu akishazoea kujibu kila jambo kwa methali, huacha kuuliza.

Masika ya mwaka huu yalikuja kwa fujo. Agneta alikuwa Changamwe kwa bintiye Cindy, aliyejifungua, na bilauri alimwachia Munga, kwa kuwa ndiye aliyekaa karibu zaidi na ukuta. Asubuhi ya pili Munga aliona tope jembamba limelala chini ya maji, rangi ileile ya ukuta. Akawaita wanakamati, akawaambia usipoziba ufa utajenga ukuta, akaleta mifuko miwili ya simiti na kulisiliba lile tundu hadi likakauka kabisa. Wakapeana mikono. Nani angewalaumu? Sote tumelelewa na methali hiyo. Lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza yale maji yameenda wapi.

Siku ya tatu Agneta alirudi, wakampeleka akaone kazi yao. Hakuwapongeza. Alivua viatu, akaukwea ukuta polepole, nyayo zikipapasa nyasi, mpaka alipokuta ubaridi hatua nne juu ya simiti. Akasimama. Hapo udongo ulikuwa umelegea kama unga uliotiwa maji, na maji yakichuruzika mekundu. Munga aliyaona, kisha akageuka akaona bati la nyumba yake pale chini na Caroline akianika nguo.

"Maji hayakuondoka, Mwenyekiti," Agneta alisema. "Yalikuwa yakitafuta mlango. Ukuta huu wataka kifumbu, hautaki kizibo."

Mpwani gani asiyejua kifumbu, ule mfuko wa ukindu wa kuchujia tui? Tui latoka, machicha yabaki. Wote walimwelewa papo hapo, na aibu ikawashika.

Agneta hakupandisha sauti, na hilo lilimshangaza Munga kuliko lolote. Kwanza aliwataka watu wote wa chini wapande kanisani, kwenye mwinuko, Caroline na wanawe mbele. Akaagiza mhandisi wa kaunti apigiwe simu. Koki ya bwawa ikafunguliwa yote, maji yaanze kupungua. Ndipo akachukua nyundo yake ya kokoto na kumpa Munga, avunje simiti yake kwa mkono wake. Munga alivunja. Maji ya tope yakamrukia miguuni.

Nguma, dereva wa lori la timbo, alileta mchanga na mawe mara tatu. Agneta alishika kila kitu kwa kiganja kabla hakijatumika. Mchanga mmoja aliukataa kwa kuwa ulikuwa laini mno, ungekimbia na maji. Akataka mnene, utandazwe kwanza juu ya mahali panapovuja, kisha kokoto ndogo, kisha kubwa, na mawe yenyewe mwisho, ili maji yapite na udongo ubaki. Munga alibeba karai baada ya karai akimtazama. Miaka yote alidhani kugonga kokoto ni kazi ya asiyejua kitu. Kumbe mikono ile ilijua kokoto moja moja kwa ukubwa wake, na sasa ilikuwa ikiwaokoa watoto wake.

Asubuhi iliyofuata bwawa lilikuwa limeshuka nusu. Mhandisi, msichana aitwaye Jerioth, alitembea ukuta mzima, akachutama penye mawe, akauliza ni fundi gani aliyepanga vile, maana hata yeye asingepanga vingine. Macho yote yakamgeukia Mwenyekiti, kwa kuwa ndiye msemaji wao.

"Ni Mama Cindy," Munga alisema. "Mimi ndiye niliyeziba."

Hakutia methali yoyote.

Jerioth aliwaambia maji yasiachwe kupanda tena mpaka ukuta utengenezwe kiangazi, na mtu akeshe zamu. Kuhusu kurudi nyumbani, alitaka kwanza kujua maji yanatoka na nini. Agneta akampa Munga bilauri. Alikinga, akaiweka juu ya jiwe, akaketi mahali ambapo mama yule aliketi miaka sita akichekwa. Hakuna aliyecheka. Maji yalipotulia aliogopa kutazama, akatazama. Maji yalikuwa maangavu, hayana tope. Kupitia bilauri aliiona nyumba yake, imegeuka kushoto kulia, mlango umefungwa, nguo za jana bado kwenye kamba.

Alimpa Jerioth aone, naye akaitikia kwa kichwa, akamrudishia.

"Haya, mpigie Caroline," Agneta alisema, akikung'uta mchanga viganjani. "Mwambie ashuke atupikie. Tangu jana hatujala."

Munga alitoa simu, lakini ilibidi ampe Nguma apige, kwa maana bilauri hakutaka kuiachilia.