Swala wa Herufi S

Mchoraji alikuwa na mtindo wake, na hakuna aliyeweza kumtoa humo: kila mnyama alimzungushia mstari mmoja tu wa wino, kutoka pua hadi mkia, bila kuinua kalamu. Ukiinua, alisema, mnyama amekufa. Kwa mtindo huo alikuwa amechora karibu kitabu kizima cha herufi za watoto, kobe amejikunja kwenye K, nyani ananing'inia kwenye N. Na katika kila herufi alificha sisimizi mmoja, mdogo kama kichwa cha pini. Hiyo ndiyo iliyokuwa sahihi yake. S aliiacha ya mwisho kwa sababu swala alimpenda kuliko wote, na hapo ndipo kiharusi kilipomkuta.

Mdomo ulirudi, mguu ukarudi, mkono wa kulia ukarudi nusunusu. Kalamu aliweza kuishika ikatulia tuli. Shida ilikuwa kuisogeza, maana hapo mkono ulianza kucheza ngoma yake wenyewe.

Mchapishaji, mtu mstaarabu, alipiga simu, akampa pole ndefu, kisha akasema lake: S isipokuwa mezani kwake Ijumaa, itabidi ampe mchoraji mwingine. Mchoraji alijibu sawa, akakata simu, akalia. Alijua kwamba mwingine akiichora hiyo S, yeye hatashika kalamu tena maisha yake yote.

Aliyemkuta analia ni wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani mwenye mdomo usio na breki. Tangu ugonjwa uingie alikuwa amehamia pale na cherehani yake, akaibana kando ya meza ya kuchorea. Alimwogesha mgonjwa, alimsuka, na alimsema mchana kutwa.

"Unalia nini? Kaka yangu kakuudhi?"

"Mstari, wifi. Mstari unanishinda."

Akamwonyesha. Swala alikuwa tayari kwa penseli, mwili umepinda umbo la S, shingo imegeuka kutazama nyuma. Penseli ina huruma, unakosea na kufuta. Wino haufutiki, na kwenye karatasi za kujaribia ulikuwa umetetemeka kila mahali.

Wifi alizitazama karatasi, akaitazama cherehani yake.

"Kwani lazima kalamu ndiyo itembee? Sindano yangu haiendi popote. Inakaa palepale, kitambaa ndicho ninachokizungusha."

"Karatasi si kitambaa."

"Na wewe si sindano, lakini unachoma vilevile. Hebu sogea."

Wakaweka taulo chini ya kiwiko cha mgonjwa. Mchoraji akagusisha ncha ya kalamu kwenye karatasi na kutulia, wifi akaweka viganja juu ya karatasi na kuizungusha kama anavyozungusha kola ya shati. Mara ya kwanza wino ulikatika. "Polepole, hii si suruali!" mchoraji akamwambia. Mara nyingine swala alitoka na kitambi, wakacheka mpaka wakaishiwa nguvu. Kisha wakachukua karatasi yenyewe.

Pua ikapita, pembe zikapita, shingo ikapita. Wifi alikuwa ameubana ulimi kwenye pembe ya mdomo. Mgongo, mapaja, mkia. Mchoraji akainua kalamu, na swala alikuwa hai.

Shukrani zilimjaa mpaka akakosa pa kuziweka. Akasema asante, akaona neno lenyewe dogo mno.

"Asante ya nini, umenichafua vidole," wifi alisema.

Rangi alipaka peke yake. Kahawia ya maji haidai mkono mtulivu, na manyoya yalinufaika na ule mtetemo. Mwisho, bila kuiburuta kalamu, akagusagusa wino kwenye kona moja.

Ijumaa mchapishaji alipiga simu. Herufi imefika, alisema, na ni nzuri kuliko zote. "Ila nimeona sisimizi. Kila herufi ina mmoja, hii ina wawili wamebeba punje moja. Nadhani umekosea. Nimwondoe mmoja?"

"Usimguse," mchoraji alisema. "Tulikuwa wawili."

Wifi alikuwa akisikiliza, kwa vile kutosikiliza hakujui. Aliinamia cherehani na kuikanyaga kwa bidii, nayo haikuwa na uzi.