Meza ya Nyumba ya Dada Mkubwa

Jumamosi fundi seremala alifika na msumeno wake kama kawaida, akapiga magoti chini ya meza ya chakula, akaipunguza miguu.

"Wiki hii imekazana kurefuka," alisema.

"Dada Mkubwa kalala sana. Alikuwa na mafua," Mama alijibu, akimsogezea chai.

Dada Mkubwa, binti wa kwanza wa nyumba ile, alifundisha hesabu sekondari, na kichwa chake kilimfika Mama kiunoni. Daktari aliwaeleza zamani. Mtu akilala, ubongo hutuma homoni ya ukuaji. Homoni husafiri na damu, hupiga hodi kwenye kila seli. Bawabu akiipokea, hutuma mjumbe mbio hadi chumba cha ndani akaziamshe jeni za kukua.

"Jeni zake nzima," daktari alisema. "Mlangoni ndiko kusiko na bawabu. Hodi zinapigwa, ndani kimya."

Dada Mkubwa akisinzia mchana, ukimwekea sikio begani ulizisikia hodi hizo, kama mvua ya mtaa wa pili. Hodi zilizokosa kukaribishwa hazikurudi ubongoni. Zilitoka na pumzi, zikaingia kwenye mbao, ambazo hazina makuu. Meza ikarefuka. Kabati likatoa jani, Mama akawa analipangusa vumbi pamoja na vikombe.

Mjomba, mkuu wa nyumba tangu baba afariki, hakuona tatizo. Fundi si yupo?

Ila Jumamosi hii fundi alipomaliza hakufunga mkoba. Alijikung'uta unga wa mbao magotini, akasema ana neno: anataka kumuoa Dada Mkubwa, na wenyewe wameshaelewana.

Dada Mkubwa alikuwa mkekani na wapwa zake, alikowekwa siku zote watu wazima wakizungumza. Akasimama.

"Nimekubali, Mjomba."

Mjomba alimtazama fundi. "Una akili timamu wewe? Hapa hatuozi mtoto."

"Mjomba, mimi nina mvi," Dada Mkubwa alisema.

"Watoto wakacheze nje."

Mama akachungulia ndani ya kikombe chake, kana kwamba kuna kitu kimezama.

"Na hii meza, fundi," Mjomba aliendelea, "upande huu bado inayumba."

Dada Mkubwa akatoka na wapwa, akajilaza kwenye benchi kivulini, usingizi ukamchukua.

Fundi akarudi chini ya meza. Mguu ulianza kurefuka kiganjani mwake, taratibu, una vuguvugu. Akaushika kidogo, kisha akaukata.