Mdomo wa Shangazi Gazetini

Picha zilitoka Jumatatu, ukurasa wa tatu, zimepangwa bega kwa bega. Kushoto Mwalimu Mkuu mstaafu, anayegombea udiwani wa kata yetu: mdomo umefungwa, kidole kwenye kidevu, macho yako mbali. Chini wameandika, "Atafakari kero ya maji." Kulia shangazi yangu, mkunga mstaafu, anagombea kiti hicho hicho: mdomo wazi mpaka unahesabu magego. Chini, "Awaka kuhusu maji."

Mimi nilikuwepo. Mwalimu Mkuu hakuwa anatafakari chochote. Alikuwa ameuliza choo kiko wapi, anasubiri jibu. Na shangazi alikuwa anasema, "Karibuni ndani, viti vipo."

Lakini nenda kawaeleze watu. Asubuhi ile dukani jamaa mmoja alilikunjua gazeti, akaguna, akasema, "Huyu mama mkali. Sijui mumewe anakulaje kwa amani."

Mume wa shangazi alikuwa nyuma yake kwenye foleni, mkate kwapani. Akasema, "Nakula vizuri tu."

Hawakumwamini. Mmoja alimpiga begani, akamwambia pole.

Nikamtafuta mpigapicha wa gazeti. Nikamkuta kibandani anakunywa chai.

"Kaka, mbona shangazi unampiga akiwa ameachama?"

"Si anaongea?"

"Na Mwalimu Mkuu haongei?"

"Mwalimu Mkuu namngoja amalize."

"Na shangazi?"

Alifikiri kweli, mpaka chai ikaota utando. "Unajua sijawahi kujiuliza? Mhariri anapenda mwanaume awe anawaza na mwanamke awe na hisia. Nikipeleka mwanamke anawaza, mhariri ananiambia, huyu mbona anasinzia?"

Nikarudi nyumbani mbio na wazo. Nakiri lilikuwa langu, msimlaumu mtu mwingine. Jumamosi kulikuwa na mdahalo wa mwisho ukumbini, na kura zilikuwa Jumatano inayofuata. Kama picha mbaya inatokana na mdomo wazi, basi tufunge mdomo. Wiki nzima shangazi ajifunze kuhutubia bila kuachama, mimi nimpige mfululizo na simu, picha ishirini kwa pumzi moja, tufute mbaya tuanze upya.

Nikamsimamisha mbele ya kioo cha kabati.

"Sema neno barabara."

Akasema. Picha ishirini, kumi na saba mdomo kama tanuri.

"Tena, shangazi. Umebana meno."

"Brbr," akasema.

"Sasa hiyo nani ataielewa?" mumewe akauliza kutoka kitandani. Alikuwa amelala pale na viatu, maana chumba kilikuwa kimegeuzwa studio na hakuna aliyemruhusu kupita.

"Wewe nyamaza, unamharibia," nikamwambia.

Jamani, lugha yetu haitaki mdomo uliofungwa. Jaribu kusema maji, jaribu kusema mtaa, jaribu hata kusema hapana. Shangazi alitoa jasho. Jumanne alinigeukia, "Wewe mtoto, nusu ya mtaa huu nimeizalisha mimi, nawaambia mama zao sukuma, na hakuna aliyenipiga picha."

Ila ni mtu wa nidhamu. Kufikia Ijumaa alimaliza hotuba nzima kupitia mwanya ambao sarafu ingepita kwa shida. Nikahesabu picha mia tatu na arobaini, hakuna mbaya hata moja. Tukapongezana. Mumewe peke yake hakupongeza, alisema hajasikia kitu tangu Jumatano.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mimi nilikaa na jirani yetu fundi cherehani, ambaye alikuja na mto wake wa kukalia. Mwalimu Mkuu akatangulia. Alinguruma dakika kumi, akagonga meza, akamuita mtu mmoja mvivu. Mpigapicha akaweka kamera mapajani, akasubiri. Mzee alipofunga mdomo ameze mate, kamera ikalia mara moja. Basi.

Akasimama shangazi. Kwenye simu yangu alikuwa mzuri ajabu, kama picha ya kwenye kalenda. Midomo inacheza kidogo tu.

"Anasali?" fundi cherehani akaninong'oneza.

"Anahutubia."

"Anamhutubia nani?"

Nyuma kabisa, walikokaa watu waliokuja na madumu matupu, sauti ikatoka: "Mama, huku hatusikii!"

Shangazi akaniangalia. Nikamwonyesha kwa kidole: funga. Akaangalia yale madumu. Akaweka karatasi chini, akafungua mdomo wote, ule ule wa gazetini, akaongea.

Hakufoka. Aliwaambia tu bomba linaingia mtaani upande gani, koki kuu iko wapi, kwamba fundi bomba wa mji ndiye mwenye ufunguo, anaifunga koki Jumapili na kusahau mpaka Alhamisi, na yeye akipata kiti ataanza na ufunguo huo. Watu walisikia mpaka nje. Makofi yalipigwa, fundi cherehani akasimama juu ya mto wake. Na kamera ikalia trrrr, haikungoja amalize.

Jumatatu, ukurasa wa kwanza: "AFURA!"

Nikampelekea fundi cherehani gazeti. Akasimamisha mashine, akalisogeza karibu na uso.

"Ee, jana ile alifoka kweli."

"Juzi. Na hakufoka. Si ulikuwepo? Ulipiga makofi."

"Nilipiga. Lakini nilikuwa mbali, mwanangu. Hawa wamemuona kwa karibu."

Nikajua tumekwisha. Siku mbili sikula vizuri, nilijiona mimi ndiye niliyemwangusha. Jumatano wakahesabu, na shangazi akashinda kwa kura mia na kitu. Nikamkimbilia fundi cherehani kumuuliza imekuwaje.

"Tumempa wote," akasema, sindano mdomoni. "Mwalimu Mkuu anafikiri sana. Sisi tunataka mtu wa kumfokea yule wa koki."

Siku ya kwanza ofisini benchi lilikuwa limejaa watu kabla shangazi hajafika. Hawakuwa na shida mbalimbali, walikuja wote kwa moja: koki. Shangazi akakaa, akampigia fundi bomba, simu ameiweka sauti ya nje.

"Habari za asubuhi, mdogo wangu. Naomba ile koki uifungue leo."

"Sawa, mama. Saa nne iko wazi."

Akakata. Benchi likabaki linamtazama. Mzee mmoja akakohoa.

"Mheshimiwa, ndiyo imeisha?"

"Imeisha, baba. Maji saa nne."

"Yatatoka, sikatai. Ila sisi tumetembea. Tulikuchagua kwa ile ya gazetini."

Wengine wakaitikia kwa vichwa, mstari mzima. Mama mmoja akamgeuza mtoto wake aone vizuri.

Shangazi aliwaangalia mmoja mmoja. Akapiga tena, safari hii simu ameibana sikioni, sauti ya chini, mimi tu kando yake nikamsikia.

"Mdogo wangu, ni mimi tena, nisamehe. Kaa mbali kidogo na simu, nina wageni hapa."

Kisha akavuta pumzi, akaachama.