Ukuta wa Chumba cha Arobaini

Ardhi ilipotulia, Fundi Draku alikuwa bado ameikumbatia ngazi yake, meno yakigongana. Mtaa mzima wa Oli ulikuwa umemwagika nje: wanawake na miko ya ugali, watoto uchi wenye mapovu ya sabuni, vijana wakiwapigia simu jamaa zao walioko mji wa Koboko. Hakuna aliyeumia. Wengine walianza hata kucheka. Draku hakucheka. Aliukumbuka ukuta mmoja, akatupa mwiko wake, akatimua mbio.

Mama Madinah alikuwa amesimama mlangoni pake. Binti yake Nabila, aliyejifungua siku kumi na mbili zilizopita, alikuwa ndani na kichanga chake. Kwao mzazi hatoki mpaka arobaini itimie, na tetemeko halikuwa sababu.

"Mama, toa Nabila inje," Draku alisema akihema.

"Fundi, wewe iko na wazimu? Mutoto yangu iko arobaini. Wanaume wote hawa iko pa njia wanaangalia!"

"Hii kitu itarudi, Mama. Naomba."

"Irudi. Nyumba ya majirani ndiyo iko na udongo. Yangu iko sementi, na wewe ndiye ulijenga."

Draku aliutazama ukuta wa chumba cha Nabila. Kweli, mama huyu alinunua sementi ya kutosha, akajitapia mtaa mzima. Naye Draku akaunganisha matofali kwa udongo, kama anavyomjengea kila mtu huku bondeni, kisha akapaka sementi kwenye maungio ya nje tu, nyembamba kama siagi kwenye mkate wa hotelini. Mifuko iliyobaki ilipanda pikipiki hadi kijijini kwake Logiri, ikawa sakafu ya nyumba yake. Wageni huisifu sana sakafu ile. Sasa aibu ilimchoma, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi, maana alisikia kichanga kikilia nyuma ya ukuta ule ule.

Ardhi ikatikisika tena, mabati yakaanza kulia taratibu.

"Iko udongo!" alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Ndani iko udongo tu, Mama. Nilikudanganya. Sementi yako nilipeleka kwangu!"

Madinah alimtazama kidogo tu. Aliingia, akatoka akimvuta Nabila kwa mkono, binti amefunikwa kanga mpaka machoni, mtoto kifuani. Walipofika barabarani ukuta ulivimba katikati, ukaporomoka wote. Vumbi jekundu likawameza.

Lilipopungua, matofali yalikuwa yamelala chini moja moja, hakuna hata mawili yaliyoshikana. Madinah aliokota moja, akalisugua kwa kidole gumba. Udongo ukamwagika.

"Na nyumba ingine?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Ile ulijengea watu?"

Draku aligeuka kutazama bondeni. Mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa yakipiga vumbi. Kule chini, mpaka ukingoni mwa mto, watu walikuwa wanabeba watoto wao na kukimbilia ndani.

Akaanza kuteremka mbio, akiwapigia kelele wasiingie, na mvua juu ya mabati ikimzidi sauti.